Kuuma Unauma, Lakini Sokoni Nimerudi

Hotuba hii, kuhusu namna tunavyopima maumivu, niliitoa Septemba 8, Siku ya Fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) Duniani, mbele ya wataalamu wenzangu, matabibu, wauguzi na watu wanaoishi na maumivu sugu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Mgeni rasmi, viongozi wangu wa kazi, wenzangu wa fiziotherapia, matabibu na wauguzi, na ninyi wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu mnaoishi na maumivu: shikamooni. Kwa wale wa rika langu, habari za asubuhi.

Kabla sijaanza nina ombi. Viti hivi ni vigumu na mimi nimepewa dakika 40. Kila mwenye mgongo usiovumilia kukaa, asimame. Tembea pembeni ya ukuta, egemea dirisha. Kule nyuma tumetandika mikeka, mwenye kutaka kulala alale. Tafadhali msikae kwa heshima yangu huku mnaumia.

Sasa niwasimulie habari ya mama mmoja mchuuzi wa samaki.

Alinijia miaka kadhaa iliyopita, mgongo ukiwa unamsumbua kwa mwaka wa tatu. Nikamuuliza swali ambalo sisi wote tunaliuliza: "Mama, kutoka 0 hadi 10, maumivu yako ni ngapi?" Akasema 8. Nikaandika 8. Tukafanya kazi pamoja wiki 12, mazoezi hapa na mazoezi nyumbani, akarudi kwa tathmini. "Mama, leo ni ngapi?" Akafikiri kidogo. "7, mwanangu." Nikaandika 7, na pembeni yake nikaandika kwa kalamu nyekundu: hakuna mabadiliko ya maana. Nilikuwa nimeshaanza kuandika barua ya kumrudisha kwa daktari aliyemleta.

Mama akawa anafunga kanga yake, anajiandaa kuondoka. Akasema, "Basi niwahi, maana beseni langu nimemwachia mwenzangu." Beseni gani, mama? "La samaki. Kuuma unauma, lakini sokoni nimerudi."

Alikuwa na wiki ya tatu sokoni. Anaamka saa 10 alfajiri, anakwenda mnadani, anainama kuchagua vibua, anatwishwa beseni, anatembea nalo mpaka kwenye meza yake. Kwa miezi 14 kabla ya hapo hakuwa amefanya hata kimoja kati ya hivyo. Watoto wake walikuwa wakila kwa dada yake. Na faili langu linasema hakuna mabadiliko!

Ndugu zangu, nani alikuwa anasema kweli siku ile? Faili, au beseni?

Nimelibeba swali hilo mpaka leo, na ndilo lililonileta mbele yenu. Kwa sababu hesabu yangu haikuwa na kosa. Tangu utafiti wa Farrar na wenzake wa mwaka 2001 tunafahamu kwamba, kwa maumivu sugu, mgonjwa mwenyewe huona nafuu ya kweli pale namba inaposhuka kwa takriban alama 2, au asilimia 30. Kutoka 8 kwenda 7 hakufiki hapo. Kipimo hicho ni kizuri na bado nakitumia. Kosa langu lilikuwa kwamba nilimuuliza swali moja tu, na swali hilo halikugusa kitu alichokuwa amekifuata kwangu. Hakuja kutafuta 0. Alikuja kutafuta soko lake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba maumivu si kitu. Naona nyuso za wengine mnanitazama kama nataka kuwaambia mjikaze. Hapana. Mwaka 2020 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Maumivu lilipitia upya maana ya neno maumivu, na likaandika waziwazi kwamba mtu anaposema anaumia, kauli yake iheshimiwe. Likasema tena kwamba maumivu ni hisia ya mwili na ya moyo kwa pamoja, na kwamba yanaweza kuwapo hata pale ambapo kidonda hakionekani. Maumivu yakizidi miezi 3 tunayaita sugu, na hapo mara nyingi yanakuwa ugonjwa wenyewe, si dalili tu ya ugonjwa mwingine. Kwa hiyo namba tutaiuliza. Tutaiuliza kila mara. Ninachokipinga ni kuiuliza peke yake.

Na tujiulize, namba hiyo inatoka wapi? Yule anayeijibu anaongea na nani?

Nimekutana na mama aliyesema 2 huku vidole vyake vimebana ukingo wa kitanda mpaka vimekuwa vyeupe. Amelelewa hivyo. Ameambiwa tangu akiwa msichana kwamba mwanamke ni uvumilivu, kwamba hata kwenye chumba cha kuzalia asipige kelele. Leo namwambia ataje namba mbele ya kijana asiyemjua, na mumewe amesimama mlangoni. Atataja ngapi? Nimekutana pia na kijana aliyeniambia 12. Nikamwambia mwisho ni 10. Akasema, "Najua, lakini nikikuambia 10 utaniandikia dawa zilezile." Namba yake ilikuwa ombi, na nikalisikia.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu, kabla hujauliza namba, eleza 0 ni nini na 10 ni nini. 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyawaza. Mpe muda wa kuwaza. Wengi wa mama zetu wana kipimo tayari, wamezaa, watakuambia wenyewe: "Hii haifiki kuzaa, lakini kuzaa kuna mwisho." Sikiliza sentensi hiyo. Asiyependa namba, mwambie aoneshe kwa mkono; wenzetu wa tiba shufaa, wanaopunguza mateso ya wenye magonjwa mazito, hufanya hivyo, ngumi iliyofungwa ni hakuna, vidole vitano ni kupita kiasi. Na usiulize saa hii tu, maana saa hii amekaa nusu siku kwenye benchi letu. Uliza wiki nzima iliyopita ilikuwaje.

Jambo la pili linahusu nchi ya mbali, lakini linatuhusu.

Mwaka 1995 nchini Marekani, daktari James Campbell, aliyekuwa rais wa Chama cha Maumivu cha nchi hiyo, alisimama kama mimi nilivyosimama hapa akawahimiza wenzake wapime maumivu kama wanavyopima joto, mapigo ya moyo, upumuaji na presha. Maumivu yawe ishara ya tano. Alikuwa na nia njema, na alikuwa na sababu: wagonjwa walikuwa wakiachwa wanateseka bila mtu kuwauliza. Kufikia 2001, chombo kinachokagua hospitali za huko kilikuwa kimeweka viwango vya kutaka kila mgonjwa apimwe maumivu. Namba ikaingia kwenye kila kitanda.

Sasa fikirini. Namba iko ukutani, ni 7. Muuguzi ana wagonjwa wengi. Daktari anajua atakaguliwa. Ni kitu gani kinachoshusha namba upesi kuliko vyote? Ni mazoezi ya wiki 12? Ni kukaa na mtu kumsikiliza usingizi wake, kazi yake, hofu yake? Ni kidonge. Na kidonge kilikuwa kinasubiri mlangoni: kampuni ya Purdue Pharma iliingiza sokoni OxyContin, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni, mwaka 1996, na mwaka 2007 ikakiri mahakamani kwamba ilipotosha watu kuhusu hatari ya uraibu wake. Kufikia 2012 madaktari wa Marekani waliandika zaidi ya vyeti milioni 250 vya dawa za jamii ya afyuni katika mwaka mmoja. Familia nyingi zilizika vijana wao. Mwaka 2016 Chama cha Madaktari cha Marekani kilipiga kura kuacha ule utaratibu wa ishara ya tano.

Namba haikuua mtu. Biashara ya dawa ilikuwa na nguvu zake, na tusiitwishe namba mzigo usio wake. Lakini namba ilifungua mlango, kwa sababu tunachokiandika kwenye faili ndicho tunachokitibu. Ukiandika namba ya maumivu tu, utatibu namba. Ukiandika "hajaweza kumbeba mtoto wake tangu Machi", utatafuta namna ya kumfanya ambebe mtoto.

Na kwetu? Kwetu mara nyingi shida imekaa upande wa pili: mgonjwa wa saratani anayestahili mofini, dawa ya maumivu makali, anaikosa, na mwenye mgongo wa miaka 5 anajinunulia vidonge vya kutuliza maumivu duka la dawa kila jioni mpaka tumbo linatoboka. Wote wawili wameulizwa namba ileile.

Sasa jambo la tatu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nalipenda. Ni lugha.

Alikuwapo mwanasaikolojia wa Canada, Ronald Melzack. Alipokuwa kijana alifanya kazi kwenye kliniki ya maumivu huko Oregon, akawa anazungumza na mama mzee aliyekatwa miguu kwa sababu ya kisukari. Miguu haipo, lakini inamuuma. Na yule mama alikuwa na maneno! Alieleza maumivu yake kwa namna ambayo Melzack alianza kuyaandika maneno yake, moja baada ya jingine. Miaka ikapita, yeye na mwenzake Torgerson wakakusanya maneno 102 ya Kiingereza ambayo watu hutumia kueleza maumivu, na mwaka 1975 akatoa dodoso la McGill, yaani karatasi ya kumuuliza mgonjwa, lenye maneno 78 katika makundi 20. Hapo mgonjwa aliulizwa ni maumivu ya namna gani, si mengi kiasi gani tu.

Sisi Waswahili je? Hatuna maneno? Nisaidieni. Mgongo unauma, haya. Kichwa kinawanga. Kidonda kinapwita. Tumbo linasokota, linakata, linakeketa. Mbavu zina vichomi. Mguu unawaka moto, unavuta, umekufa ganzi, unatambaa kama una siafu. Kuna umeme unashuka mpaka kwenye kidole gumba. Goti limekaza. Ukinigusa hapo unanitonesha. Na tuna neno moja, uchungu, ambalo limebeba shubiri mdomoni, limebeba mwanamke anayejifungua, limebeba na mtu aliyefiwa. Nani alituambia tuna lugha maskini?

Na si ushairi huu, wenzangu, ni kazi. Mgonjwa akikuambia mguu unawaka, una ganzi, una siafu, na umeme unashuka, amekupa picha ya maumivu yanayotoka kwenye mshipa wa fahamu. Kuna dodoso fupi la Wafaransa, DN4, lenye vipengele 10 na linauliza mambo hayohayo: kuwaka, ubaridi unaouma, umeme, ganzi, muwasho. Mgonjwa amejibu nusu yake kabla hujalifungua. Lakini sisi tunafanya nini? Tunaandika: "Maumivu ya mgongo, 6 kwa 10." Siafu wote wamepotea. Umeme umepotea.

Upande wa pili wa lugha ni madodoso tunayoyapokea kutoka nje. Yapo mazuri sana. Roland na Morris, watafiti wa Uingereza, walitoa lao mwaka 1983, lina sentensi 24 kuhusu namna mgongo unavyozuia maisha ya siku moja. Kila sentensi inayokuhusu unaitia alama, mwisho unahesabu. Rahisi, zuri, limetumika duniani kote. Nikamsomea bibi mmoja wa kijijini, sentensi baada ya sentensi, kwa sauti, kwa sababu hasomi. Nikafika pale panaposema: napata shida kuvaa soksi kwa sababu ya maumivu ya mgongo. Bibi akanitazama usoni. "Soksi, mwanangu?" Nikaona haya. Nikaendelea: natumia mhimili wa ngazi ninapopanda ghorofani. Nyumba yake ina mlango mmoja na haina hata kizingiti.

Bibi yule alipata alama chache sana. Kwa karatasi ile alikuwa karibu mzima. Nikaweka karatasi chini, nikamuuliza: bibi, ni kitu gani cha kila siku mgongo umekunyang'anya? Akasema bila kufikiri: "Kufagia uwanja. Kuchuchumaa chooni. Kuchota maji. Na kukaa jamvini kwenye misiba, nakaa kwenye kiti kama mgeni."

Kama mgeni! Mnalisikia hilo? Dodoso gani lina mstari huo?

Kutafsiri dodoso si kubadilisha maneno tu. Unatakiwa utafsiri maisha. Soksi iwe nini kwetu? Labda kufunga kamba za viatu, labda kuosha miguu. Mwenye kufanya kazi hiyo aifanye kwa utaratibu unaokubalika, watafsiri wawili, kurudisha kwenye lugha ya kwanza, kujaribu kwa wagonjwa, kisha kupima kama kweli dodoso linapima kilichokusudiwa. Na pale ambapo hapajafanyika bado, tusibadilishe mistari kienyeji halafu tukadai alama zetu zinalingana na za London.

Jingine dogo hapohapo. Dodoso la Oswestry, la mwaka 1980, nalo la mgongo, lina sehemu 10 zenye hadi alama 5 kila moja, na mojawapo inahusu tendo la ndoa. Wengi wetu tunairuka kwa aibu, halafu tunagawanya kwa 50 kama kawaida, na mgonjwa anaonekana ana nafuu kuliko alivyo. Kama haikujibiwa, gawanya kwa 45, kanuni yenyewe inaruhusu. Lakini kabla ya kuiruka, funga mlango, wasindikizaji wasubiri nje, umuulize kwa heshima. Nimeona ndoa zilizokuwa zinavunjika kwa sababu ya mgongo na hakuna mtu wa afya aliyewahi kuuliza.

Sasa tuinuke kwenye karatasi. Tuje kwenye kiti.

Nilikuwa na fundi uashi mmoja, mtu wa miraba minne. Alifanyiwa kipimo cha MRI, picha ya ndani ya mwili, mahali fulani, akapewa majibu kwa sentensi moja: "Pingili zako zimesagika, usibebe kitu kizito tena." Akatii. Miaka 2 hakubeba hata ndoo. Kazi ikaondoka, vijana wake wa kazi wakaenda kwa mafundi wengine. Aliponijia alikuwa anatembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai kifuani.

Nilimwambia jambo ambalo ningependa kila mwenye mgongo hapa alisikie. Mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walikusanya picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo kabisa. Kati ya wenye miaka 20, asilimia 37 walionesha diski, ile mito iliyo kati ya pingili, zilizochakaa. Wenye miaka 50, asilimia 80. Wenye miaka 80, asilimia 96. Watu hao hawaumwi! Ni kama mvi. Mvi zinaonekana kwenye picha, lakini hakuna anayelala hoi kwa sababu ya mvi. Zipo hali ambazo picha inaokoa maisha, mfano mtu mwenye homa na kukonda, au aliyeanza kushindwa kuzuia haja, au mguu unaozidi kulegea. Hao wakimbizwe hospitali leo. Fundi wangu hakuwa mmoja wao.

Nikaweka kiti ukutani, kiti cha kawaida kisicho na mikono, urefu wa sentimita 43 hivi. Nikamwambia akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30. Kabla hajaanza nikamuuliza, "Fundi, unadhani utaweza mara ngapi?" Akasema 2. Alisimama mara 9.

Akakaa kimya akinitazama. Nikamwonesha saa. 9.

Sikumpa dawa yoyote dakika ile. Ila kuna kitu kilihama kichwani mwake. Alikuwa na namba mbili, ya hofu na ya mwili, na zimetofautiana kwa 7. Tangu siku hiyo nikajifunza kumuuliza kila mgonjwa makadirio yake kabla ya kupima. Tofauti kati ya makadirio na matokeo inanieleza hofu yake ilivyo kubwa, na inamweleza na yeye.

Kwa kubeba tulitumia ndoo. Wenzangu mnaolalamika hatuna vifaa, nawasikia, mimi pia nimeomba vifaa nikangoja. Lakini lita 1 ya maji ni kilo 1. Ndoo yenye lita 5, anaiinua kutoka chini mpaka mezani. Wiki ijayo 7. Halafu 10. Fundi alifika ndoo ya lita 20 wiki ya 9, na siku hiyo namba yake ya maumivu ilikuwa 5, ileile ya mwezi uliopita. Kwa kutembea, pima mita 30 varandani kwa futi ya fundi, weka jiwe kila mwisho, hesabu atakwenda mita ngapi kwa dakika 6. Mwambie avae viatu vilevile kila mara. Usimsemeshe njiani zaidi ya maneno uliyopanga, maana ukimshangilia leo na kunyamaza mwezi ujao umepima sauti yako.

Tunataka nini zaidi? Kiti, futi, ndoo, na simu yenye saa. Nani hapa hana?

Lakini kiti nacho kinadanganya, na hapa nafika kwa mzee wangu.

Mzee huyu alikuja na 7. Baada ya wiki 6 akasema 3. Asilimia zaidi ya 50! Mwanafunzi niliyekuwa naye akafurahi, akataka tumpeleke kwenye mkutano wa idara kama mfano. Hata kwenye kiti alisimama vizuri. Mimi yale ya beseni la samaki nilikuwa nayo bado kifuani, nikamuuliza, "Mzee, hebu nieleze siku yako ya jana tangu adhuhuri." Akaanza kueleza. Alikuwa kitandani. Alasiri, kitandani. Jioni walimletea chakula palepale. Shambani haendi tena. Msikitini alikuwa anasali kwenye kiti, akaona watu wanamwonea huruma, akaacha kwenda, anasali chumbani peke yake. Maumivu yalishuka kwa sababu mzee aliacha kuishi.

Ndugu zangu, tungempiga picha tukampongeza!

Wapo waliolitambua jambo hili zamani. Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, aliwapa wagonjwa wake kijitabu waandike saa walizokaa, saa walizosimama au kutembea, saa walizolala chini. Na akawafundisha kufanya mazoezi kwa hesabu iliyopangwa, si kwa kungoja maumivu yaseme basi. Ukisema leo mara 6, ni mara 6, hata kama unajisikia nguvu za 20, na kesho ni 6 hata kama asubuhi ilikuwa nzito. Nikampa mzee daftari la shule la kurasa 40. Mjukuu ndiye aliyekuwa mwandishi.

Kisha nikatumia kipimo ambacho kama ningeruhusiwa kubaki na kimoja tu, ningebaki nacho hiki. Kilitoka Canada mwaka 1995, Stratford na wenzake. Unamwambia mgonjwa ataje mwenyewe mambo 3 hadi 5 muhimu ambayo hawezi au anapata tabu kuyafanya. Kila moja analipa alama, 0 siwezi kabisa, 10 naweza kama zamani. Basi. Hakuna soksi wala ghorofa. Mzee akataja matatu: kusujudu, 0. Kutembea msikitini alfajiri, 1. Kupalilia tuta moja la mihogo, 2.

Tukalipima sijida kama tulivyopima ndoo. Kwanza mikono kwenye kiti, halafu kwenye kigoda, halafu kwenye mto, halafu kwenye mkeka. Wiki za mwanzo maumivu yalipanda kutoka 3 mpaka 5, na familia ikanipigia simu kwa hasira. Nilikuwa nimewaonya, lakini kuonywa na kuona ni mambo mawili. Daftari likatuokoa: saa za kulala mchana zilikuwa zimeshuka kutoka 6 hadi 3, imeandikwa kwa mwandiko wa mtoto wa darasa la 5, hakuna wa kubisha. Mwezi wa 4 maumivu yalikuwa 4. Kusujudu 7. Msikitini 8. Mihogo 5, na kuhusu mihogo alisema tusubiri mvua.

Ukitazama namba ya maumivu peke yake, nilimharibu mzee huyu: alikuwa 3, nikamfikisha 4.

Najua mnachotaka kuniambia. Wagonjwa 40 kwa siku, wataalamu wawili, na mmoja yuko likizo. Najua, nafanya kazi hukohuko. Kwa siku kama hizo kuna kipimo kiitwacho PEG, cha mwaka 2009, kina maswali 3 kuhusu wiki iliyopita: maumivu yako kwa wastani, yamekuzuia kiasi gani kufurahia maisha, yamekuzuia kiasi gani katika shughuli zako. Kila swali 0 hadi 10, jumlisha, gawanya kwa 3. Ni dakika moja. Kesho asubuhi ongezeni angalau mstari mmoja kwenye kadi, chini ya namba ya maumivu: "Anataka kurudi kufanya nini?" Uandikwe kwa maneno yake mwenyewe. Kama amesema jamvini, andika jamvini.

Nanyi wagonjwa, msingoje tuwaulize. Ukiingia chumbani kwetu na tukakimbilia namba, tupe namba, halafu sema: "Na ninachotaka kurudia ni hiki." Ukae na neno hilo mpaka liandikwe.

Mama wa samaki nilimfutia ile kalamu nyekundu siku ileile, akiwa bado amesimama mlangoni. Nikaandika: yuko sokoni, siku 5 kwa wiki. Akaniuliza naandika nini, nikamsomea. Akasema, "6. Jumamosi umeisahau." Nikarekebisha.

Mgeni rasmi, dakika zangu zimekwisha. Varandani tumepima mita 30 na kuzichora kwa chaki, viti viko 8 vya urefu sawa, na ndoo zimejazwa. Twendeni wawili wawili, mtaalamu mmoja na mgonjwa mmoja, na mgonjwa ndiye aanze kumpima mtaalamu. Waliolala mikekani wasiharakishwe.